Kiwiliwili cha Bunduki ya Kuwindia: Kila Tundu Lina Sababu Yake

Katika mikutano yetu na wananchi, swali moja hurudi mara kwa mara. Mtu huinuka, aghalabu mzee mwenye heshima zake, akaeleza kwamba nyumbani kwao imo bunduki ya kuwindia iliyoachwa na marehemu. Kitako kimeliwa na mchwa, mtutu umeshika kutu, na haijafyatuliwa kwa miaka mingi. Kisha huuliza: je, chuma hicho bado ni bunduki? Na iwapo fundi wa kulehemu anaweza kukitengeneza, kuna ubaya gani?

Kisheria jibu ni fupi. Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970 inakataza mtu kuwa na bunduki bila cheti, na uzee wa silaha haugeuki kuwa cheti. Lakini tumejifunza kwamba katazo lisilo na maelezo husahaulika mapema. Kwa hiyo katika toleo hili tumeona vema kueleza sehemu moja tu ya bunduki, ile iliyo muhimu kuliko zote na isiyojulikana sana. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Anayejua kwa nini kitu kimeundwa jinsi kilivyo hatakuwa mwepesi wa kukichokonoa.

Sehemu inayobeba nyingine zote

Bunduki nyingi za kuwindia hutumia bolti, yaani komeo la chuma la mviringo. Mwindaji hulisukuma mbele, hushusha kishikio chake ili kufunga, kisha baada ya kupiga hukinyanyua na kulivuta nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Anayelijua komeo la mlango lenye kishikio cha kushusha pembeni ameielewa nusu ya kazi hiyo.

Kipande cha chuma ambacho bolti huteleza ndani yake ndicho mada yetu. Mafundi hukiita risiva. Sisi katika makala haya tutakiita kiwiliwili, kwa maana kazi yake yafanana na ile ya kiwiliwili cha mwanadamu: viungo vyote vimeshikwa nacho. Mtutu umekazwa mbele yake kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Magazini na kifyatulio vimefungwa chini yake. Darubini ya kulengea hupanda juu yake. Chenyewe kimelala ndani ya mti wa kitako na kukazwa kwa skrubu.

Ukikitazama ubavuni utaona sehemu tatu. Mbele kuna pete nene inayoupokea mtutu. Nyuma kuna daraja linaloiongoza bolti isiyumbe. Kati yake kuna dirisha ambamo risasi huingizwa na maganda matupu hutoka. Ukubwa wa dirisha hilo haukubuniwa ovyo. Likikatwa kubwa, vidole hupakia kwa urahisi hata gizani au katika baridi, lakini kiwiliwili hupungua ukakamavu. Likikatwa dogo, kiwiliwili hukakamaa na bunduki hulenga vema zaidi, lakini kupakia huwa taabu. Ndiyo maana bunduki za mashindano ya shabaha mara nyingi huwa na madirisha madogo, na za kuwindia huwa na madirisha mapana. Kila kiwiliwili ni mapatano baina ya mahitaji yanayovutana.

Mlipuko na masikio ya bolti

Risasi moja nzima ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti, fataki inayoiwasha baruti hiyo, na ganda la shaba linalovibeba vyote. Pini ya bolti inapoigonga fataki, baruti huungua kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na hewa moto inayozaliwa hutafuta njia ya kutoka. Katika risasi ya .30-06, mojawapo ya zile za kuwindia zilizoenea sana duniani, shinikizo hilo hufika takriban bar 4,000. Gurudumu la gari dogo hubeba bar 2 hivi.

Hewa hiyo husukuma pande zote. Mbele hukisukuma kichwa cha risasi, na hilo ndilo tulitakalo. Nyuma huisukuma bolti, na nyuma ya bolti kuna uso wa mpigaji. Eneo linalosukumwa ni dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini msukumo wake kwa kitambo hicho unaweza kuzidi tani tatu. Ni nini kinachoizuia bolti isimrukie mtu usoni?

Jibu ni masikio, yaani vipande vya chuma vilivyochomoza kwenye bolti yenyewe. Mhandisi Mjerumani Paul Mauser, katika bunduki iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898 na ambayo umbo lake limenakiliwa na waundaji wengi wa bunduki za kuwindia hadi leo, aliweka masikio mawili makubwa mbele kabisa ya bolti. Kishikio kinaposhushwa, masikio hayo huzunguka na kuingia ndani ya pete ya mbele ya kiwiliwili, mara tu nyuma ya mtutu. Kwa njia hiyo nguvu ya mlipuko hukamatwa karibu na ilikozaliwa, na sehemu ya nyuma ya kiwiliwili haibebeshwi mzigo huo. Kisha akaongeza sikio la tatu huko nyuma. Sikio hilo kwa kawaida haligusi kitu. Linangoja siku ambayo yale mawili ya mbele yatakatika, mfano wa mnyororo wa akiba wa trela ambao hukazika tu pale kiungo kikuu kinapovunjika.

Wako walioamua vinginevyo. Bunduki ya Lee-Enfield, ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba na ambayo wazee wetu wengi waliijua, ina masikio nyuma ya bolti. Faida yake ni wepesi: kishikio hunyanyuliwa kidogo tu na bolti husafiri masafa mafupi. Gharama yake ni kwamba nguvu hupita katika chuma kirefu zaidi kabla ya kuzuiwa, na chuma kirefu hunyumbuka zaidi. Kwa risasi yake ya .303 mpango huo ulitosha kabisa. Hatusemi kwamba muundo mmoja ni mzuri na mwingine mbaya. Tunasema kwamba kila kiwiliwili kilipimwa kwa nguvu ya risasi fulani, na mtu anayekilazimisha kubeba risasi yenye nguvu zaidi amevunja hesabu ambayo hakuifanya yeye.

Lipo jambo jingine la masikio ambalo mwenye bunduki halali anapaswa kulijua. Bolti ikifungwa, nafasi iliyoachwa kati ya uso wake na mahali risasi inapokomea ndani ya chemba ni ndogo mno, na hupimwa kwa vipimo maalumu vya chuma. Nafasi hiyo ikizidi, ganda la shaba hunyooka kulijaza pengo, na huweza kukatika na kuachia hewa moto irudi nyuma. Nafasi huongezeka kwa kuchakaa, na huongezeka pia pale bolti ya bunduki moja inapotiwa katika nyingine. Kwa sababu hiyo bunduki nyingi za zamani hubeba namba ileile kwenye kiwiliwili na kwenye bolti. Namba zisipolingana, bunduki hiyo isifyatuliwe mpaka mtaalamu aipime.

Matundu yasiyo ya pambo

Mtu akiigeuza bolti ya Mauser ya 1898 huona matundu mawili chini yake, karibu na mbele, na huweza kudhani ni kasoro ya kiwandani au njia ya mafuta. Si hivyo. Mauser alijua kwamba siku moja fataki itatoboka au ganda litapasuka. Hewa moto ingepita ndani ya bolti kufuata njia ya pini na kutokea nyuma, kwenye jicho la mpigaji. Matundu hayo huipa hewa hiyo njia fupi zaidi, na kuimwaga katika mfereji wa kushoto wa kiwiliwili, mbali na uso. Huko nyuma ya bolti akaweka ukingo mpana mithili ya ngao ndogo, ili kiasi kitakachoponyoka kigonge chuma na kusambaa kando.

Waundaji wengine walifuata njia nyingine kwa lengo lilelile. Bunduki ya Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, huzungushia kitako cha ganda pete tatu za chuma: ukingo wa bolti, kisha mtutu, kisha pete ya kiwiliwili. Hapo nia ni kuifungia hewa ndani kuliko kuielekeza. Hata hivyo nayo imetobolewa tundu dogo ubavuni mwa pete ya mbele, kwa ajili ya ile siku mbaya.

Fikiria sasa fundi asiyejua, anayeliona tundu katika chuma na kuliziba kwa kulehemu ili bunduki ionekane imara. Au mmiliki anayeacha matope na mafuta mazito yagande humo kwa miaka. Hawakuimarisha kitu. Wameufunga mlango wa dharura, na hewa italazimika kutafuta mwingine.

Ukucha unaoshika risasi

Ubavuni mwa bolti ya Mauser kuna ukanda mrefu wa chuma wenye ukucha mbele. Bolti huzunguka, lakini ukanda huo hauzunguki. Risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, kitako chake huteleza chini ya ukucha na kushikwa hapo tangu mwanzo, hata kabla haijaingia chemba. Haiachiliwi mpaka itupwe nje. Kingo za ndani za kiwiliwili zinazoielekeza risasi katika safari hiyo zimechongwa kwa upana na urefu wa risasi maalumu. Hii ni sababu nyingine ya kutobadilisha aina ya risasi kiholela.

Faida ya kuishika risasi tangu mwanzo huonekana pale mwindaji anapokabiliwa na nyati au simba. Kwa hofu anaweza kuisukuma bolti nusu, akairudisha, kisha akaisukuma tena. Kwa bunduki ya ukucha mrefu, risasi ya kwanza itatolewa kabla ya pili kuingia, na bunduki haitakwama. Historia ya jambo hili inagusa nchi yetu. Mapema katika karne ya 20, Mskochi Walter Bell alizunguka Karamoja akiwinda ndovu kwa ajili ya pembe, hata wenzake wakampachika jina la eneo hilo. Bunduki aliyoipendelea ilikuwa nyepesi, yenye risasi ya milimita 7, iliyojengwa na kampuni ya Rigby ya London juu ya kiwiliwili cha Mauser. Hatumtaji ili kumsifu. Mamia ya ndovu walioangushwa na mikono kama yake ni hasara ambayo bado tunaihesabu. Tunamtaja kwa sababu kisa chake chaonyesha kwamba mashine hizi si ngeni hapa, na kwamba baadhi ya zile zilizosahauliwa katika madari ya nyumba zilitoka enzi kama hiyo.

Kampuni ya Winchester ilitumia ukucha wa namna hii katika bunduki yake ya Model 70 ya mwaka 1936. Mwaka 1964 iliuacha ili kupunguza gharama za kuchonga, na wawindaji wakalalamika kwa miaka, hata baadaye kiwanda kikaurudisha. Bunduki nyingi za kisasa, zikiwemo Remington 700, hutumia mpango rahisi zaidi: bolti huisukuma tu risasi, na ukucha mdogo huishika mwishoni, pale bolti inapofungwa kabisa.

Hapa tunaomba usomwe kwa makini, ndugu msomaji. Katika mpango huo wa pili, mtu akiisukuma risasi hadi chemba, asishushe kishikio, kisha akaivuta bolti nyuma, risasi haitatoka nayo. Itabaki ndani ya mtutu. Mtu huyo ataiona bolti imefunguka, ataliona dirisha tupu, na ataamini bunduki haina kitu. Imani hiyo inaweza kumuua mtoto aliye chumba cha pili. Kwa hiyo kuifungua bolti hakutoshi. Mwenye bunduki halali na aulekeze mtutu upande usio na mtu, aifungue bolti, aangalie ndani ya chemba kwa macho, kisha apapase kwa kidole. Afanye hivyo kila mara, hata kama alifanya dakika moja iliyopita.

Jambo la mwisho kuhusu kutoa ganda liko nyuma ya kiwiliwili, kwenye daraja. Hapo chuma kimechongwa mteremko. Ganda lililopata moto wa mlipuko huvimba na kung'ang'ania ukuta wa chemba. Kishikio kinaponyanyuliwa, shina lake hupanda juu ya mteremko huo na kuivuta bolti nyuma polepole, kwa nguvu kubwa kuliko mkono mtupu, mfano wa anayetumia wenzo kung'oa kisiki. Ndiyo maana kishikio kikigoma, dawa si kukigonga kwa jiwe wala nyundo. Kugoma ni taarifa: huenda risasi ilikuwa na nguvu mno, chemba ni chafu, au kuna kilichovunjika.

Teke, darubini na kizuizi

Bunduki inapofyatuliwa huruka nyuma, na mpigaji huhisi teke begani. Kiwiliwili kikiachiwa teke hilo lipite kwenye skrubu peke yake, skrubu zitalegea na mti utapasuka. Chini ya pete ya mbele, kwa hiyo, huwekwa kibao cha chuma kinachokaa ndani ya tundu la mti na kulipokea teke kwa uso mpana. Katika Mauser na Model 70 kibao hicho ni sehemu ya kiwiliwili chenyewe, ambacho chini yake ni bapa na hukaa vema bila kuzunguka. Katika Remington 700 kiwiliwili ni mviringo kama bomba, jambo linalorahisisha kukichonga, na kibao ni bamba lililobanwa kati ya mtutu na kiwiliwili. Kwa bunduki za wanyama wakubwa, kama zile za risasi ya .375 iliyobuniwa mwaka 1912, ukaaji wa kibao hicho ndio unaoamua kama mti utadumu.

Juu ya pete na daraja utaona matundu madogo yenye skrubu. Ni ya kufungia darubini. Yalipimwa yawe katika mstari mmoja na mtutu. Anayetoboa tundu jipya kwa drili ya mkono anatoboa ukuta wa tangi la shinikizo.

Nyuma kabisa kuna kizuizi cha usalama. Kile cha Mauser kina hali tatu. Kikilazwa kushoto, bunduki iko tayari kupiga. Kikisimama wima, pini imefungwa lakini bolti yaweza kufunguliwa, ili risasi zitolewe bila hatari ya kufyatuka. Kikilazwa kulia, pini na bolti vyote vimefungwa, na bolti haiwezi kufunguka kwa kugongwa na vijiti porini. Ni mpango wa busara kubwa. Hata hivyo kizuizi ni chuma, na chuma huchakaa. Hakiwi badala ya mtutu unaoelekezwa mahali salama.

Chuma kinachoonekana kizima

Sasa turudi kwa fundi wa kulehemu. Kiwiliwili hakitokani na chuma kilichochongwa tu. Baada ya kuchongwa hupashwa moto na kupozwa kwa viwango maalumu, ili kiwe kigumu pale masikio yanapogusa na kiwe na unyumbufu mahali pengine. Chuma laini mno kitabonyea. Chuma kigumu mno kitavunjika kama kioo.

Marekani ililijifunza hili kwa uchungu. Bunduki yake ya Springfield ya mwaka 1903 ilisifika duniani, na rais mstaafu Theodore Roosevelt aliibeba moja ya aina hiyo alipopita Kenya na Uganda kati ya 1909 na 1910. Yake haikumdhuru. Lakini mwaka 1917 baadhi ya bunduki za aina hiyo zilipasuka viwiliwili. Uchunguzi ulibaini kwamba mafundi walikuwa wakikadiria joto la chuma kwa kutazama rangi yake kwa macho. Siku ya jua kali, chuma kilichokuwa na moto wa kupita kiasi kilionekana kama kina moto wa kawaida, kikaungua na kuwa chepesi kuvunjika. Mwaka 1918 utaratibu wa kiwandani ulibadilishwa. Hadi leo wenye bunduki hizo huonywa wasizifyatue zile za kiwanda cha Springfield zenye namba iliyo chini ya 800,000.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, mafundi wale walikuwa stadi, wakiwa katika kiwanda cha serikali, na bado jicho liliwadanganya. Atakuwaje salama kiwiliwili kinachopigwa moto wa kulehemu kando ya barabara, na mtu asiyejua kilipashwa vipi hapo mwanzo? Moto huo hulifuta joto la kiwandani, na chuma kitabaki kinang'aa na kupendeza mpaka siku kitakapofyatuliwa. La pili, kilichowezesha bunduki hatari kutenganishwa na zilizo salama kilikuwa namba.

Namba ni jina la bunduki

Mtutu huchakaa ukabadilishwa. Kitako huvunjika kikachongwa kingine. Darubini hununuliwa na kuuzwa. Kinachobaki ni kiwiliwili, na ndiyo sababu namba ya bunduki huchapwa hapo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inahesabu kiwiliwili peke yake kuwa silaha. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu kufuatilia silaha unataka alama ya pekee iwekwe kwenye sehemu ya msingi ya silaha kama hiyo. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Uganda ikiwemo, inazitaka nchi ziweke alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake.

Kwa hiyo mzee wetu amepata jibu la swali lake la kwanza. Hata bila kitako, hata mtutu ukiwa na kutu, kiwiliwili chenye namba ni bunduki. Namba hiyo humlinda mmiliki mwema pia. Bunduki ikiibwa na kutumika katika uhalifu, namba ndiyo inayoeleza ilitoka mikononi mwake lini na kwa njia gani, mradi aliripoti wizi huo mapema. Asiyeripoti amejiachia mwenyewe kazi ya kujieleza.

Wahalifu huikwangua namba kwa tupa wakidhani wameimaliza. Chapa inapopigwa, chuma kilicho chini yake hubanwa kwa kina kuliko alama inayoonekana, na maabara mara nyingi huweza kuirudisha kwa dawa. Namba iliyokwanguliwa haimwondolei mtu shaka. Humwongezea.

Tunachokuomba

Ukikuta bunduki ya zamani nyumbani, dari au shambani, usiivute bolti kuona kama inafanya kazi. Huenda risasi imelala ndani ya chemba tangu enzi za aliyeiacha, na kutu imeushika mwendo wa pini. Usiibebe njiani kuileta kituoni. Waondoe watoto, funga mlango, kisha umjulishe mwenyekiti wa LC1 au kituo cha polisi kilicho karibu, au upige simu namba 999, nasi tutakuja kuichukua mahali ilipo.

Ukiwa na bunduki ya kuwindia kwa cheti, jua namba yake kwa moyo, linganisha namba ya kiwiliwili na ya bolti, na umpelekee mwenye leseni ya kazi hiyo kila jambo linalogusa kiwiliwili. Mti unaweza kuupaka mafuta wewe mwenyewe. Mteremko, tundu na sikio viache kwa anayevijua.

Na ukiwa fundi wa kulehemu, nawe tunakuheshimu kwa kazi yako ya milango, majiko na mageti. Mtu akikuletea chuma cha namna tuliyoieleza, chenye pete mbele, dirisha katikati na daraja nyuma, zima mashine yako kabla ya kumuuliza bei. Kisha tuite.